Seli ipi ya figo kwa swali lipi: ulinganisho kwa anayepima jeni za vichocheo vya ukuaji

Mwanafunzi wa uzamili huja na pendekezo lenye kichwa kizuri: anataka kupima jinsi jeni za vichocheo vya ukuaji zinavyowaka kwenye seli za figo. Nikimuuliza seli zipi, hujibu, "Hizi zilizopo kwenye friza." Namwelewa. Hapa Nairobi, kuagiza seli mpya kutoka ng'ambo ni safari ndefu ya barua, vibali, na barafu kavu inayopungua kila saa huku mzigo ukingoja karatasi zake uwanja wa ndege. Chupa iliyopo friza inavutia kwa sababu ipo.

Lakini figo si kitu kimoja. Figo moja ya binadamu ina nefroni, yaani vichujio vidogo vyenye mirija yake, zipatazo milioni moja kwa wastani, na ndani ya kila nefroni mna aina nyingi za seli, kila moja na jeni zake zinazowaka na zinazolala. Ukichagua seli isiyohusika na swali lako, PCR, mbinu ya kupima wingi wa RNA (nakala ambazo jeni hutoa ikiwaka), itakupa namba hata hivyo. Namba zitakuwa safi, grafu itapendeza, na hazitasema lolote kuhusu figo ya mtu.

Nimeandika ulinganisho huu kwa mtu aliye Chiromo, Kabete, Juja au kwingineko karibu na jiji hili, mwenye inkubeta moja au mbili na bajeti ya kuhesabu, anayesimama kati ya seli sita bila kujua aanzie wapi.

Kwanza, ujumbe una mtumaji na mpokeaji

Kichocheo cha ukuaji ni protini ambayo seli moja huitoa, ikashika kipokezi kwenye seli jirani, na wakati mwingine kwenye seli ileile iliyoitoa. Humwambia mpokeaji agawanyike, ahame, anenepe, au atengeneze kovu. Kwa hiyo kabla ya kuchagua seli, jiulize kama swali lako liko upande wa anayetuma au upande wa anayepokea. Kwa mtumaji unapima jeni ya kichocheo chenyewe. Kwa mpokeaji unapima jeni ya kipokezi, au jeni zinazowaka baada ya ujumbe kufika. Nimeona mapendekezo mengi yaliyochanganya haya mawili, na hakuna seli inayoweza kuliokoa pendekezo la namna hiyo.

Seli zote sita nimezipima kwa mambo manne. Jeni zipi zinawaka humo kiasili? Seli ikitolewa mwilini inabaki kuwa yenyewe kwa kiasi gani? Kuilea kunataka nini: siku, joto, lishe, stima? Na mtego wake uko wapi?

Podosaiti

Hizi ndizo seli zenye vidole virefu zinazokumbatia kapilari (mishipa midogo ya damu) za glomeruli, pale damu inapochujwa. Jeni yao kubwa ni VEGF-A, ya kichocheo cha mishipa ya damu, nazo huiwasha wakati wote, hata figo ikiwa nzima. Wao ni watumaji. Anayepokea ni seli ya ukuta wa ndani wa kapilari, ng'ambo ya chujio.

Kiasi cha VEGF-A hapa ni jambo la kifo na uhai. Utafiti wa panya uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha hivyo waziwazi. Jeni hiyo ilipoondolewa kabisa kwenye podosaiti, watoto wa panya walikufa karibu na kuzaliwa. Iliponyofolewa nakala moja tu, walianza kumwaga protini kwenye mkojo. Ilipozidishwa, glomeruli zilijikunja na kuporomoka. Kwa binadamu, dawa ya saratani inayofunga VEGF, bevacizumab, huweza kuleta protini kwenye mkojo. Na kwa mama mjamzito mwenye shinikizo la damu linaloelekea kifafa cha mimba, kondo la nyuma humwaga kwenye damu kipokezi kinachoelea, sFlt-1, ambacho hunasa VEGF kabla haijafika kwenye figo. Katika mji wenye wodi za uzazi zilizojaa kama zetu, hilo ni swali la kufanyiwa kazi hapahapa.

Ugumu ni kwamba podosaiti iliyokomaa haigawanyiki. Wataalamu walitengeneza laini, yaani koo za seli zinazoendelea kugawanyika, zenye swichi ya joto, ya panya mwaka 1997 na ya binadamu mwaka 2002. Zikiwa nyuzi 33 zinaongezeka, na zikihamishiwa nyuzi 37 zinaacha kugawanyika na kukomaa kwa siku 10 hadi 14. Hapo ndipo bajeti inapoulizwa, kwa sababu unahitaji inkubeta mbili, na wiki mbili bila kukatizwa. Stima ikipotea Ijumaa usiku na jenereta isiwake, siku zote 14 zimekwenda.

Mtego ni kulinganisha seli za nyuzi 33 na za nyuzi 37 kana kwamba tofauti yote ni ya ukomavu. Joto lenyewe hubadilisha jeni. Linganisha zilizokomaa na zilizokomaa. Pia tenga chupa nyingi, maana seli zisizogawanyika hazikupi RNA nyingi.

Zinamfaa anayechunguza protini kwenye mkojo, ugonjwa wa figo wa kisukari katika hatua za mwanzo, au madhara ya ujauzito, na ambaye maabara yake ina umeme wa kutegemewa.

Mesanjia

Seli za mesanjia ndizo nguzo zinazoshikilia kapilari za glomeruli zisitawanyike. Ukitaka mfano bora wa mpokeaji katika figo nzima, ni huu. Mwaka 1994 makundi mawili ya watafiti yaliripoti panya wasio na jeni ya kichocheo cha PDGF-B na panya wasio na kipokezi chake, PDGFR-beta. Wote walizaliwa na glomeruli zisizo na mesanjia, kapilari zimevimba kama puto. Ujumbe ulikosekana, au mpokeaji hakuwa na sikio, na matokeo yakawa yaleyale.

Katika ugonjwa, mesanjia hugeuka watumaji pia. Sukari ikizidi huwasha TGF-beta 1, kichocheo cha kovu, na kutoka hapo CTGF, kichocheo mwenzake, pamoja na kolajeni na fibronektini, vitu vinavyoziba glomeruli kidogokidogo. Ndiyo maana seli hizi zimetumika sana katika utafiti wa kisukari.

Kuzilea ni rahisi: inkubeta moja ya nyuzi 37, kaboni dioksidi asilimia 5, na lishe ya kawaida yenye seramu (maji ya damu ya mnyama). Mbichi kutoka kwa panya wa maabara zinapatikana kwa kuchuja glomeruli na kungoja wiki kadhaa zichipue. Ipo pia laini ya panya, MES13.

Urahisi huo una gharama yake, na hapa naomba msomaji atulie kidogo. Mesanjia iliyo salama ndani ya figo haigawanyiki ovyo wala haiwashi kwa wingi aktini ya misuli laini. Ile iliyo kwenye chupa hufanya yote mawili. Kwa maneno mengine, seli unayoiita "ya kawaida" tayari inafanana na ya mgonjwa. Matokeo yako yaseme "imeongezeka kutoka hali hii", yasiseme "mzima dhidi ya mgonjwa". Halafu kila uhamisho wa seli kwenda chupa mpya huzisogeza mbali zaidi na asili yao, kwa hiyo kwa seli mbichi andika namba ya uhamisho kwenye kila jedwali.

Zinamfaa mwenye swali la kovu la glomeruli, kisukari, au njia ya PDGF, mwenye inkubeta moja na muda mfupi.

Mrija wa karibu: HK-2

Mrija wa karibu, sehemu ya kwanza ya mrija baada ya glomeruli, ndio mfanyakazi mkubwa wa figo, unaorudisha mwilini sukari, chumvi na maji. Seli zake zina vipokezi vingi vya EGF, kichocheo kingine cha ukuaji. Zikijeruhiwa huwasha HB-EGF, ndugu yake EGF, ili kujiponya, na jeraha likidumu hutoa TGF-beta 1, CTGF na PDGF-B kuelekea kwa faibroblasti jirani, seli zinazotengeneza kovu. Kwa hiyo unaweza kuwasoma kama wapokeaji au watumaji, kutegemea muda unaopima baada ya jeraha.

EGF yenyewe ni jambo jingine, na hili huwashangaza wengi. Kwenye figo hutengenezwa hasa mbele zaidi, katika sehemu nene inayopanda ya kitanzi cha Henle na mwanzo wa mrija wa mbali. Huko ndiko EGF tele iliyo kwenye mkojo hutoka, na kiwango chake hushuka ugonjwa sugu wa figo unapoendelea. Anayepanga kupima jeni ya EGF ndani ya HK-2, laini ya seli za mrija wa karibu, akitarajia wingi anamgongea hodi jirani asiyehusika.

HK-2 ilitengenezwa kutoka figo ya mtu mzima na kuripotiwa mwaka 1994, ikipewa jeni E6 na E7 za kirusi cha HPV aina ya 16 ili isichoke kugawanyika. Jeni hizo huzima walinzi wawili wa mgawanyiko, p53 na Rb. Kama swali lako ni mgawanyiko wenyewe, hilo ni doa kubwa. Ipo RPTEC/TERT1, iliyofanywa isichoke kwa telomerasi bila jeni za kirusi. Ni aminifu zaidi, ila lishe yake ina viungo vingi na bei yake inauma.

Kuna upungufu mwingine unaotugusa sisi moja kwa moja. HK-2 imepoteza milango ya OAT1 na OAT3. Tenofovir, dawa inayomezwa na watu wengi wanaoishi na VVU nchini, huingia kwenye mrija wa karibu kupitia milango hiyo. Ukiweka tenofovir kwenye HK-2 na usione jeni lolote la jeraha likiwaka, usikimbilie kuandika kwamba dawa haina neno. Huenda ilikuwa mlangoni tu, haijaruhusiwa kuingia.

Mtego wa HK-2 uko kwenye chupa ya lishe. Lishe yake iliyopendekezwa haina seramu, bali imetiwa EGF na dondoo la tezi ya pituitari ya ng'ombe. Unapima vichocheo vya ukuaji ndani ya seli inayooga kichocheo cha ukuaji. Ondoa EGF angalau siku moja kabla ya jaribio, na uripoti hivyo. Maabara nyingine huzilea kwa DMEM/F12, lishe nyingine ya seli, na seramu. Zinastawi, lakini namba zao usizilinganishe na zako.

Zinamfaa anayepima sumu: metali nzito, gentamicin, sisplatini, au mitishamba ambayo watu wanainunua sokoni bila kujua inafanya nini kwenye figo.

Faibroblasti za kati ya mirija

Hapa laini maarufu ni NRK-49F, kutoka figo ya panya buku. Historia yake inapendeza: ni kwa kuziona seli za namna hii zikikua ndani ya agari laini, jambo ambalo seli salama hazifanyi, ndipo vichocheo vilivyokuja kuitwa TGF vilipogunduliwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Zinasikia TGF-beta kwa ukali. Ukiwapa, ndani ya siku moja au mbili zinawasha kolajeni na aktini, na unaona kovu likianza mbele ya macho yako. Kuzilea ni rahisi, inkubeta moja yatosha.

Lakini kuna wanaozitafuta kwa ajili ya eritropoietini, EPO, homoni inayoamuru uboho utengeneze chembe nyekundu. Ni kweli EPO ya mtu mzima hutoka kwenye seli za aina ya faibroblasti zilizo kati ya mirija, zinapohisi oksijeni imepungua. Namna seli zinavyohisi oksijeni ndiyo iliyowapa Semenza, Ratcliffe na Kaelin Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Tatizo ni kwamba seli hizo zikitolewa mwilini husahau EPO upesi. Ndiyo sababu kazi nyingi za jeni hiyo zilifanyika kwenye Hep3B, seli za saratani ya ini. Mwenye swali la upungufu wa damu kwa wagonjwa wa figo asiitafute EPO kwenye NRK-49F.

HEK293

Jina linadanganya watu. Ni kweli ilitoka kwenye figo ya kijusi, Leiden nchini Uholanzi, mwaka 1973, kwa kuingiziwa vipande vya adenovirusi aina ya 5, na 293 ni namba ya jaribio. Lakini jeni zinazowaka humo zinafanana zaidi na za seli changa za neva kuliko za mrija au glomeruli. Tena jeni E1A ya kirusi hicho huingilia swichi za jeni nyingine.

Kwa kupima jeni za vichocheo zinavyowaka kiasili, sishauri. Kwa kazi nyingine ni zana bora kuliko zote hizi: hupokea jeni ngeni kwa urahisi ajabu, hukua haraka, na hazidai mengi. Ukitaka kujua kama kipande fulani cha DNA huwasha jeni ya VEGF-A, kiunganishe na lusiferasi, kimeng'enya kinachotoa mwanga, kitie humo, upime mwanga kesho yake. Ukitaka kutengeneza protini ya kichocheo kwa wingi, vilevile. Maabara nyingi zinazo, na mwenzako akikupa chupa, hakikisha kwanza haina mikoplasma, bakteria wadogo wanaochafua seli.

Seli mbichi kutoka machinjioni

Chaguo hili hudharauliwa bure. Dagoretti wanachinja ng'ombe, Kiamaiko wanachinja mbuzi, na figo inaweza kufika maabara ikiwa kwenye barafu kabla ya saa mbili kupita. Ukipata ruhusa ya mkaguzi wa nyama na ya wenye machinjio, gharama ya tishu ni ndogo sana. Kwa vichujio vya ukubwa tofauti unatenganisha glomeruli na mirija, na kwa kimeng'enya cha kolajenesi unapata seli ambazo hazijawahi kuguswa na jeni ya kirusi. Milango ya mrija wa karibu ipo bado, kwa siku chache za mwanzo. Hapo unaona kile HK-2 ilichopoteza.

Ugumu ni mwingi. Kila mnyama ni tofauti, hivyo unahitaji wanyama kadhaa, wala si chupa kadhaa za mnyama mmoja. Praima, vipande vifupi vya DNA vinavyoiongoza PCR, lazima zichorwe kwa jeni za mbuzi au ng'ombe, na vifaa vya ELISA (kipimo cha protini) vya binadamu huenda visizitambue protini zao. Kuna hatari ya brusela na homa ya Bonde la Ufa, kwa hiyo glovu na kabati la usalama wa kibayolojia ni lazima. Na kama unafikiria figo ya binadamu iliyotolewa kwa upasuaji, kamati ya maadili na ridhaa ya mgonjwa hutangulia kila kitu.

Mambo yanayoharibu kazi kwenye seli yoyote

Seramu ya ndama imejaa PDGF na TGF-beta. Usiponyima seli seramu kwa saa 24 hivi kabla ya kupima, unapima chakula.

DMEM ya kawaida ya rafuni ina glukosi milimoli 25 kwa lita. Damu ya mtu aliyefunga kula ina 5 hivi. Mimi nilipoteza miezi minne kwa hilo: kundi langu la "sukari nyingi" lilikuwa na 30, na kundi la "kawaida" lilikuwa limelelewa kwenye 25 tangu siku ya kwanza. Nililia kwa kweli. Nunua lishe ya 5.5, na kwenye kundi la kulinganisha ongeza manitoli ili msongamano wa kimiminika ulingane.

GAPDH ndiyo jeni ya rejea, ile unayolinganishia nyingine, inayopendwa, lakini oksijeni ikipungua nayo hupanda. Tumia jeni mbili au tatu za rejea, uzithibitishe kwenye seli zako mwenyewe. Mizunguko 3.3 ya PCR ni tofauti ya mara kumi, kwa hiyo kosa dogo la rejea si dogo.

Na RNA si protini. TGF-beta hutoka kwenye seli ikiwa imefungwa kwenye ganda lake, haifanyi kazi mpaka ifunguliwe. RNA yake ikipanda mara tatu, thibitisha kwa ELISA, ukikumbuka kutia sampuli asidi kwanza ikiwa unataka kiasi chote.

Kulingana na hali yako

Una miezi sita, inkubeta moja, na swali la kisukari: mesanjia ndiyo njia fupi, na maelezo yako yawe makini kuhusu maana ya "kawaida". Una swali hilohilo lakini protini kwenye mkojo ndiyo inayokusumbua, na una mwaka mzima: podosaiti, baada ya kuhakikisha inkubeta ya pili na betri ya akiba.

Swali ni dawa au mmea wenye sumu: HK-2 kwa uchunguzi wa kwanza wa vipimo vingi, kisha rudia kipimo kimoja au viwili kwenye seli mbichi za mirija. Kwa tenofovir na dawa nyingine zinazopita OAT, anza na seli mbichi moja kwa moja.

Unataka kuona kovu na dawa ya kulizuia: NRK-49F, ukiipa TGF-beta mwenyewe. Unataka kujua nani aliituma hiyo TGF-beta: chukua maji ambamo HK-2 zilizojeruhiwa zimelelewa, uyamimine juu ya NRK-49F. Kumbuka moja ni ya binadamu na nyingine ya panya buku, ambalo hapa ni faida, kwani praima za kila upande zitakuambia RNA ni ya nani.

Swichi ya jeni, siyo figo, ndiyo unayoifuata: HEK293, na kwenye kichwa cha tasnifu usiandike neno "figo".

Na kama friza ina chupa moja tu na msimamizi wako anataka jibu kesho, mpelekee orodha ya jeni ambazo seli hiyo huziwasha kiasili, mkae mbadilishe swali. Kubadilisha swali huchukua mchana mmoja. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya sayansi ya taifa, kikishatoka na RNA ikishakauka kwenye mirija ya maabara, huchukua muhula.